Aces 2018: timu ikihamishwa mji, msimu wake wa kwanza usomwe vipi?

Mtangazaji_Kikapu:
Habari za humu wadau. Naandaa kipindi cha redio kuhusu timu za WNBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake Marekani, zilizohamishwa mji, na nimeanza na Las Vegas Aces ya 2018, ile iliyokuwa San Antonio Stars. Nimekwama mahali patatu.

Kwanza, walimaliza na ushindi 14 na vipigo 20, mtoano hawakuugusa, lakini karibu kila ninapopita naona ule msimu unasifiwa. Sifa hiyo inatoka wapi?

Pili, mechi ya 3 Agosti 2018 dhidi ya Washington Mystics imeandikwa kipigo bila matokeo yoyote, na mchezaji wao A'ja Wilson ana mechi 33 wakati msimu ulikuwa na mechi 34. Nani ananifafanulia?

Tatu, je, kuna kawaida yoyote kwamba timu ikihama inashuka? Naomba hesabu. Ile ya "walikosa sapoti ya mashabiki waliowazoea" nimeshaisikia ya kutosha.

Rebaundi_ya_Ulinzi:
Mkuu, swali la kwanza linajibiwa na walikotoka. San Antonio 2016: ushindi 7, vipigo 27. Mwaka 2017: ushindi 8, vipigo 26, tena walipoteza mechi 14 za mwanzo mfululizo. Jumlisha: misimu miwili, ushindi 15. Aces wakapata 14 katika msimu mmoja. Hapo ndipo sifa zinapotoka, na ni za haki.

Sasa kwenye kipindi chako tenganisha kilichosafiri na kilichobaki. Kampuni ya Spurs Sports & Entertainment iliiuza klabu kwa MGM Resorts International, tangazo likatoka Oktoba 2017. Klabu ikiuzwa namna hiyo, mikataba ya wachezaji inakwenda na klabu, haki za drafti (zamu za kuchagua wachezaji wapya) zinakwenda na klabu, na historia yote pia. Usichanganye na timu mpya inayoanzishwa kutoka sifuri, kama Golden State Valkyries ya 2025, ambayo inaokota wachezaji walioachwa wazi na timu nyingine. Aces walifika Las Vegas wakiwa na Kayla McBride, Kelsey Plum, Moriah Jefferson na Dearica Hamby tayari mkononi.

Na hapa kuna jambo watu wanalipita haraka. Bahati nasibu ya drafti ya WNBA inapangwa kwa rekodi ya misimu miwili ikijumlishwa. Mnyonge zaidi anapata nafasi nzuri zaidi ya kuchagua wa kwanza. Ile 15-53 (ushindi 15, vipigo 53) ya San Antonio ndiyo iliyowapa Aces nafasi hiyo, na tarehe 12 Aprili 2018 wakamchukua A'ja Wilson wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Mashabiki wa San Antonio wakala hasara ya misimu miwili, faida ikaliwa Las Vegas. Kama kuna watu wenye haki ya kulalamika katika habari hii nzima, ni wao.

Wilson akamaliza msimu na wastani wa pointi 20.7 na rebaundi 8.0, akawa mchezaji chipukizi bora kwa kura zote. McBride akawa mfungaji wa pili nyuma yake, na yeye hakuletwa na drafti ile wala na Las Vegas. Alikuwa San Antonio tangu 2014.

Kilichobaki nyuma ni benchi la ufundi. Vickie Johnson, kocha wa 2017, hakuendelea. Akaletwa Bill Laimbeer kutoka New York Liberty, akiwa kocha na pia mkuu wa masuala yote ya mpira. Huyu alikuwa na makombe matatu na Detroit Shock: 2003, 2006 na 2008. Kwa klabu inayohama, kumkabidhi mtu mmoja benchi na usajili kunapunguza vikao. Jina la Aces lilitangazwa Desemba 2017, dirisha la usajili likafunguliwa Februari, drafti Aprili, na mechi ya kwanza ilikuwa 20 Mei ugenini dhidi ya Connecticut Sun. Walichapwa 101 kwa 65.

Kipigo kile usikitumie kama kipimo cha msimu. Mei wachezaji wengi wa WNBA wanatoka moja kwa moja kwenye ligi za Ulaya na Asia. Plum mwenyewe alikuwa Uturuki na Fenerbahçe. Timu yenye kocha mpya na mfumo mpya inahitaji wiki za mazoezi ya pamoja kuliko timu iliyotulia, na wiki hizo ndizo zisizokuwepo.

Mezani_FC:
Naingia kwenye la pili. Mystics walipewa ushindi wa mezani, yaani bila mechi kuchezwa.

Mechi ilikuwa Ijumaa jioni mjini Washington. Aces waliondoka Las Vegas siku iliyotangulia kwa ndege za abiria za kawaida, kwa sababu wakati ule ligi ilikuwa imekataza timu kukodi ndege ili klabu tajiri zisijipe unafuu. Safari za ndege zikaahirishwa, nyingine zikafutwa, wakakesha viwanjani. Kufika Washington walikuwa wametumia zaidi ya saa 25 njiani, na mechi ilikuwa imebaki saa chache. Ligi ilisogeza muda wa kuanza kwa saa moja, kutoka saa 1 jioni hadi saa 2 usiku kwa saa za kule. Wachezaji wakakubaliana kutocheza, hoja yao ikiwa afya na hatari ya kuumia. Siku chache baadaye ligi ikatangaza kwamba Aces wameipoteza mechi.

Kwa nini haikufanywa kiporo? Angalia kalenda. Kombe la Dunia la FIBA (shirikisho la kikapu duniani) la wanawake lilikuwa Septemba 2018 Tenerife, Hispania, kwa hiyo WNBA ilibana mechi 34 kwa kila timu kati ya 18 Mei na 19 Agosti. Wiki mbili kabla ya mwisho, kupata siku ambayo timu zote mbili zipo huru na ukumbi upo wazi ni kazi ngumu mno. Kwenye ratiba iliyobanwa hivyo, siku moja ya safari ikiharibika hakuna pa kuirudishia.

Kuhusu takwimu: mechi ya mezani inaingia kwenye msimamo tu. Hakuna pointi zilizofungwa, hakuna dakika zilizochezwa. Ndiyo maana Wilson ana mechi 33, na wastani wake unagawanywa kwa 33. Ukichukua jumla ya pointi za timu ukagawa kwa 34 utapata wastani wa uongo. Wasikilizaji wanaofuata ligi zetu wanaweza kuuliza mbona hakuna 20-0. Hiyo ni kanuni ya FIBA: asiyefika au asiye na wachezaji watano tayari ndani ya dakika 15 anapoteza 20-0 na anapata pointi sifuri kwenye msimamo, tofauti na aliyecheza akafungwa, ambaye anapata 1. WNBA haina msimamo wa pointi. Inahesabu asilimia ya ushindi, kwa hiyo inatosha kuandika "kapoteza".

Pointi_Tatu:
Kwa hiyo pointi za mezani ndizo zilizowanyima mtoano. Dallas Wings waliingia nafasi ya 8 kwa 15-19, Aces wa 9 kwa 14-20. Tofauti mechi moja! Sioni cha kujadili.

Mezani_FC:
@Pointi_Tatu hesabu yako imeishia njiani, ndugu yangu. Geuza mechi ya Washington iwe ushindi: Aces 15-19, Dallas 15-19. Hapo wamelingana tu, na kinachofuata ni kuangalia walipokutana wenyewe kwa wenyewe. Tena unadhani wangeshinda ugenini dhidi ya timu iliyofika fainali mwaka huohuo, wakiwa wamekesha.

Sasa chukua mechi ya 17 Agosti, Dallas 107, Aces 102. Igeuze hiyo peke yake, mengine yote yaache yalivyo: Aces 15-19, Dallas 14-20. Aces wanaingia moja kwa moja, bila kuhitaji kulinganisha chochote. Mechi dhidi ya mpinzani wa nafasi ina uzito mara mbili, na hii waliicheza. Dallas walikuwa wameingia kwenye mechi ile wakiwa na mfululizo mrefu wa vipigo na kocha wa muda, Taj McWilliams-Franklin, baada ya Fred Williams kufutwa kazi siku chache kabla. Kilichowamaliza Aces ni Liz Cambage: pointi 43. Hawakuwa na mtu wa kumzuia chini ya kikapu. Msimu uliofuata wakamsajili Cambage huyohuyo, na ukitaka kujua Laimbeer aliisoma vipi ile 14-20, usajili ule ndio jibu lake.

Takwimu_Tu:
Swali la tatu. Hadi 2018 WNBA ilikuwa na uhamisho wa mji mara tano. Hizi hapa, msimu wa mwisho mji wa zamani na wa kwanza mji mpya, ushindi ukitangulia:

Utah 2002: 20-12. San Antonio 2003: 12-22.
Orlando 2002: 16-16. Connecticut 2003: 18-16.
Detroit 2009: 18-16. Tulsa 2010: 6-28.
Tulsa 2015: 18-16. Dallas 2016: 11-23.
San Antonio 2017: 8-26. Las Vegas 2018: 14-20.

(Mwaka 2002 timu zilicheza mechi 32, kuanzia 2003 ni 34. Ukilinganisha tumia asilimia.)

Tatu zilishuka, mbili zilipanda. Kwa sampuli ya tano usitangaze kanuni yoyote hewani. Ila unaweza kuuliza nani alipanda basi na nani alibaki kituoni, na hapo picha inakaa vizuri zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Detroit kwenda Tulsa. Shock walikuwa mabingwa mara tatu. Uhamisho ukatangazwa Oktoba 2009, mwezi uleule ambao Aces nao wangetangaziwa miaka minane baadaye, kwa hiyo muda wa maandalizi ulikuwa sawa. Lakini Deanna Nolan hakwenda Tulsa. Cheryl Ford hakwenda. Katie Smith alikuwa mchezaji huru, akasaini Washington. Taj McWilliams-Franklin akaenda New York. Uti wa mgongo wote ukabaki nje. Na wale wachache waliosafiri wakauzwa msimu ukiwa katikati: Plenette Pierson kwenda New York, Kara Braxton Phoenix, Shavonte Zellous Indiana.

Juu ya hapo klabu ikachagua kocha wa kuuza tiketi. Nolan Richardson ni jina kubwa Oklahoma na Arkansas, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Tulsa na alitwaa ubingwa wa vyuo vya wanaume na Arkansas 1994. Mfumo wake ni kukaba uwanja mzima dakika zote. Mfumo huo unataka wachezaji kumi wanaolingana kwa pumzi ili uwabadilishe kila baada ya dakika chache. Ukiwa na kikosi chembamba, mwenye mpira akivuka wakabaji wawili wa mbele anakuta nyuma kuna mabeki wawili dhidi ya washambuliaji watatu, na ni kikapu cha bure. Matokeo: 6-28. Richardson akaondoka Julai 2011 timu ikiwa 1-10, na mwaka huo ukaisha 3-31.

Upande wa pili ni Connecticut. Kabila la Mohegan lilinunua klabu ya Orlando Januari 2003, miezi minne tu kabla ya msimu, muda mfupi kuliko wa Aces na wa Tulsa. Walipanda. Nykesha Sales, Shannon Johnson na McWilliams-Franklin (ndiyo, huyohuyo, katika mada hii utamkuta kila kona) walisafiri wote watatu. Sales alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa hiyo ukumbi wa Uncasville, nyumbani kwa timu hiyo, ulimjua kabla hajavaa jezi. Kocha Mike Thibault alikuwa mgeni WNBA lakini alikuta kikosi kilichozoeana. Wakaifunga Charlotte 2-0 kwenye raundi ya kwanza, wakatolewa na Detroit.

San Antonio 2003 nayo ni klabu hiihii ya Aces, kabla haijahama mara ya pili. Walitoka Utah wakiwa wamefika fainali ya Kanda ya Magharibi, kisha Natalie Williams akauzwa Indiana kabla ya msimu. Kocha alibadilishwa msimu ukiwa katikati. Mechi nane za ushindi zikayeyuka.

Dallas 2016 ndiyo inayonisumbua. Kocha yuleyule Fred Williams, sehemu kubwa ya kikosi ileile, na bado wakashuka kwa mechi saba. Skylar Diggins alikuwa anarudi kutoka jeraha la goti la 2015 na hakuwa yule wa mwanzo. Ukumbi wa College Park Center, Arlington, una nafasi 7,000 hivi, kwa hiyo hoja ya "ukumbi mkubwa uliojaa viti vitupu" haisimami. Ukitaka mfano wa kuwapinga wanaodai kila kitu ni kikosi, huu hapa. Kwa wapenda habari ndogondogo: Pierson aliichezea klabu hiyo ikiwa Detroit, ikiwa Tulsa na ikiwa Dallas.

Pointi_Tatu:
Basi nabadilisha: Aces walipanda kwa drafti tu, mji hauna mchango. Wilson angepelekwa popote angefunga 20.

Rebaundi_ya_Ulinzi:
@Pointi_Tatu kwa 2018 nakaribia kukubaliana nawe. Ukimwondoa Wilson ile timu inarudi palepale. Lakini "mji" siyo neno moja. Kuna mwenye mali, ukumbi, mazoezi, na safari. Mwenye mali alibadilika na akaleta Laimbeer. Ukumbi wa Mandalay Bay una viti 12,000 hivi na ulikuwa ndani ya hoteli ya mwenye timu wa wakati ule. Sikia sasa upande wake wa pili: ukumbi wa hoteli ya Las Vegas una maonyesho yake. Septemba 2019, mechi ya mtoano dhidi ya Chicago Sky ilibidi ichezwe Thomas & Mack Center ya chuo kikuu kwa sababu Mandalay Bay haikuwa wazi. Ni ile ambayo Hamby alipora mpira akaurusha kutoka mbali, wakashinda 93-92. Watu wanakumbuka kikapu, hawakumbuki kwamba timu ya nyumbani ilikuwa kwenye ukumbi wa kuazima.

Uwanja wa mazoezi wa kwao wenyewe, kule Henderson, ulifunguliwa 2023, miaka mitano baada ya kuhama, na chini ya mwenye timu mwingine kabisa, Mark Davis, aliyeinunua 2021. Kwa hiyo kwenye kipindi usiruke kutoka uhamisho wa 2018 hadi makombe ya 2022, 2023 na 2025 kana kwamba ni mstari mmoja. Katikati kuna mnunuzi mwingine na kocha mwingine.

Mtangazaji_Kikapu:
Nawashukuru sana, hapa nimepata vipindi viwili. Maswali mawili ya mwisho. Lile la ndege limebadilika? Na historia: nikisema "rekodi ya klabu", nahesabu tangu 2018 au tangu Utah?

Mezani_FC:
Ndege: limebadilika, ila kwa kuchelewa. Mkataba wa pamoja wa 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliwapa viti vyenye nafasi zaidi na kila mmoja chumba chake hotelini, lakini bado ndege za kawaida. New York Liberty walikodi ndege kimyakimya 2021, wakapigwa faini ya dola 500,000. Mei 2024 ndipo ligi yenyewe ilipoanza kukodi ndege kwa timu zote, bajeti ikitajwa dola milioni 50 kwa misimu miwili. Kwa hiyo usilinganishe rekodi za ugenini za kabla na baada ya 2024 bila kulitaja hilo.

Takwimu_Tu:
Hesabu tangu Utah Starzz, 1997, moja ya timu nane za kwanza za ligi. Ndivyo ligi inavyohesabu. Becky Hammon alicheza San Antonio 2007 hadi 2014, jezi yake namba 25 ikastaafishwa kule 2016, na Aces nao wakaitundika 2021 ingawa hajawahi kuichezea Las Vegas hata dakika moja. Mwaka uliofuata akawa kocha wao. Ukisema "rekodi ya Aces", taja kama unamaanisha klabu nzima au kipindi cha Las Vegas peke yake. Usipotaja, msikilizaji mmoja atakupigia simu kukusahihisha na atakuwa sahihi.

Na jambo la kiufundi ukitafuta mechi hizi: angalia tarehe. Majira ya WNBA, Las Vegas iko nyuma yetu kwa saa 10 na Washington kwa saa 7. Mechi ya saa 1 jioni Las Vegas kwetu ni saa 11 alfajiri ya kesho yake. Programu nyingi za matokeo zinageuza muda kufuata simu yako, kwa hiyo ile mechi ya mezani ya 3 Agosti, iliyosogezwa hadi saa 2 usiku, inaweza kukutokea kama saa 9 usiku wa kuamkia 4 Agosti. Ukiitafuta kwa tarehe na huioni, tafuta siku inayofuata.